Mzigo Mbele

Mwezi uliopita nilifunga sanduku langu la spana na kumwachia Mbusa ufunguo wa karakana yetu ya Bwera. Tangu hapo vijana wa klabu ya baiskeli mnanipigia simu kuniuliza mambo ambayo nilidhani nilishawafundisha, kama grisi gani inafaa wakati wa mvua na kwa nini breki inapiga kelele. Nimeona niandike yote mara moja, nipumzike. Shule niliishia darasa la sita na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo mtanivumilia. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye kupiga nyundo na mwenye kushika kitu kinachopigwa.

Nilianzia Kasese, karibu na stesheni ya zamani ya reli, kwenye kibanda cha mzee tuliyemwita Afande. Aliwahi kuwa fundi jeshini na aliongea na baiskeli kama anavyoongea na askari wapya. Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa kuuza chai na chapati kwa maharage, na mafundi wake walikuwa wateja wangu. Siku moja msaidizi wake hakuja. Afande akaniita kwa kidole.

"Wewe. Weka birika chini. Shika gurudumu."

Nikashika.

"Unaona nini?"

"Naona gurudumu, Afande."

"Angalia tena."

Niliangalia mpaka chai ikapoa na wateja wangu wakaanza kunitukana. Mwishowe nikaona kwamba rimu ilikuwa inayumba kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayechechemea na hataki watu wajue. Nikamwambia. Hakunisifu. Alinipa mkebe wa siagi uliojaa mafuta ya taa na gololi chafu, akaniambia, "Osha." Ndivyo nilivyoajiriwa. Birika langu lilikaa pale kibandani miaka mingi, tukawa tunawekea brashi.

Afande alinifundisha kukaza spoki kwa sikio. Unaigonga kwa kucha na kusikiliza, kisha unagonga jirani yake. Zikilia sawa, zimekaza sawa. Vijana mnatumia vipimo siku hizi na vipimo ni vizuri, lakini betri ikiisha katikati ya Munkunyu, sikio bado mnalo.

Wateja wetu wengi walikuwa wabeba kahawa wa Kyarumba. Kule juu njia ni za miguu, zinashuka kama ngazi, na mizigo mingi hushuka kichwani mwa watu. Ila inapoanza barabara ya gari, wanaume walipakia magunia kwenye baiskeli zile nzito na kuteremka kwa msafara kabla jua halijatoka, kwenye ukungu. Mtu alikuwa hamwoni aliye mbele yake. Kwa hiyo walitoboa vizibo vya soda na kuvining'iniza kwenye spoki za nyuma, vikawa vinagongana taratibu. Aliye nyuma akivisikia anajua mwenzake yuko karibu kiasi gani. Tena walikuwa na desturi moja ambayo hawakuivunja: mwenye mzigo mzito kuliko wote, au mwenye baiskeli mbovu, anatangulia. Wengine wote wanakwenda kwa mwendo wake. Baiskeli moja ikiharibika, mmoja wao anapaza sauti, "Mzigo mbele," wote wanasimama, wanaitengeneza, wanaitanguliza, wanaendelea. Niliwahi kumuuliza mmoja wao kama hawaoni kwamba wanachelewa. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anavaa suruali.

Katika msafara huo ndimo nilimomwona Kambale mara ya kwanza. Alitoka upande wa Butembo, akavuka mpaka pale Mpondwe wakati wa vita akiwa na baiskeli na godoro, na godoro akaliuza. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, wakamwita yaya, kama wanavyowaita kaka wakubwa huko kwao. Alileta gurudumu lake kibandani, akaliweka mbele yangu kwa adabu kama anayemleta mtoto zahanati, akaniita kwa jina.

"Masika, hii iko nalia mubaya."

"Limepigwa wapi?"

"Haikupigwa. Sikiliza tu."

Nikalizungusha, nikasikiliza. Bushi, pale katikati gurudumu linapozungukia, ilikuwa imekauka grisi. Ilikuwa sauti ndogo mno, hata Afande asingeisikia. Nikamwangalia Kambale na yeye hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza bado. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameanza kuishi hivyo, kwa masikio, kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha.

Mashindano ya baiskeli yalipoanza kufika kwetu, Afande aliwaangalia wabeba kahawa, akaangalia miguu yao, akasema hana haja ya kutafuta wachezaji kwingine. Alichagua wanne. Baluku akawa kapteni kwa sababu alikuwa mtulivu. Yule aliyeitwa Kule alikuwa na mapafu ya farasi na mdomo usiopumzika. Mbusa, ambaye sasa ni bosi wenu, alikuwa mwepesi mlimani. Na Kambale, ambaye kwenye tambarare hakuna aliyeweza kumshinda. Baiskeli za mbio tulizipata mitumba kutoka Kampala, na sehemu kubwa ya ujana wangu iliishia kwenye gia zake.

Mashindano yetu makubwa yalikuwa ya timu dhidi ya saa, kutoka Kasese mpaka Bwera. Wanne wanaondoka pamoja, wanapokezana kukaa mbele kuwakatia wenzao upepo, na saa inasimama mtu wa tatu anapovuka mstari. Wa nne anahitajika mwanzoni tu, maana timu isiyo na wanne hairuhusiwi kuondoka. Baada ya hapo akichoka anaachwa, na hakuna anayemlaumu mtu.

Mwaka ninaousimulia, daktari wa macho alikuwa ameshamweleza Kambale kwamba macho yake yanafunga kutoka pembeni na hayatarudi. Mchana wa jua bado aliona mbele yake vizuri, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jioni, au wingu likiwa zito, bomba lilijaa moshi. Sote tulijua. Alikuwa ametuambia mwenyewe, tena alituambia kwamba hii itakuwa mbio yake ya mwisho na kwamba anataka kuimalizia Bwera. Alitaka kuvuka ule mstari akiwa juu ya baiskeli, na wenzake. Siku ya kesho yake, alisema, watu wanaweza kumshika mkono na kumvusha barabara, hatakataa.

Asubuhi ile tuliamka milima haipo. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka Rwenzori mpaka mlangoni mwetu, na mchana ulikuwa na giza kama la magharibi. Tulisimama chini ya paa la duka karibu na mahali pa kuanzia.

"Kambale," Afande akasema. "Unaona mkono wangu?"

"Afande, naona iko mukono. Vidole sioni."

"Basi sikiliza. Utaanza, sheria inataka. Ukifika pale mji unapoisha, simama. Ingia garini. Watatu watamaliza."

Kilikuwa ni kitu cha akili kabisa. Mimi mwenyewe nilikubaliana nacho. Kambale akaitikia kwa kichwa, akaanza kupangusa tandiko la baiskeli yake kwa kitambaa kilicholowa, akipangusa tu, na lilizidi kulowa.

Kule ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Afande, huyu amenisikiliza mimi nikiongea ujinga miaka yote, kutoka Kyarumba mpaka huku. Mtu kama huyo unamweka garini?"

"Hataona gurudumu la mbele."

"Kwani kwenye ukungu tulikuwa tunaona?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikajua wanafikiria vizibo. Niliwaambia ukweli, kwamba vizibo havitafaa. Kwa mwendo wa mzigo vinagongana, lakini kwa mwendo wa mbio vinatupwa kwenye rimu na kubaki hapo, kimya. Kambale akainamisha kichwa. Halafu macho yangu yakaangukia jerikeni la njano ambalo dereva wetu alikuwa ameliweka garini kwa ajili ya maji.

Nilikata vipande vitatu vyembamba kutoka kwenye jerikeni la watu. Nikafunga kila kimoja kwa waya kwenye uma wa nyuma, ncha ikigusa spoki kidogo sana, kwenye baiskeli ya Baluku, ya Kule na ya Mbusa. Nikazungusha gurudumu la Kule. Likatoa mlio kama nyuki kwenye debe.

"Tunapeleka pikipiki?" Kule akauliza.

"Itakupunguzia mwendo kidogo," nikamwambia.

"Mimi nina mwendo wa kugawa."

Kambale alisogeza sikio, akacheka kidogo. "Hii nasikia mpaka Butembo."

Baluku alimwangalia Afande. Kapteni ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu wanaoendesha. "Atakaa nyuma yetu," akasema. "Asikate upepo, afuate sauti tu. Ikishindikana ataingia garini." Afande akatema mate pembeni na kwenda kukaa kiti cha mbele cha pikapu. Hiyo ilikuwa ruhusa.

Hapa niwaeleze kuhusu mvua, maana mliuliza. Punguza upepo wa tairi kidogo, usipunguze sana. Weka mafuta mazito kwenye mnyororo. Grisi ya bushi ijae mpaka itoke pembeni, halafu pangusa. Mwambie mchezaji aguse breki mapema kabla ya kona, mara ya kwanza anakausha rimu, mara ya pili ndiyo inashika. Asikanyage mistari ya rangi barabarani. Hayo ndiyo niliyofanya asubuhi ile, nami nimeyafanya kila mvua tangu hapo, na bado wapo wanaoanguka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu chini ya turubai, nimekumbatia magurudumu ya akiba. Kutoka Kasese kushuka kuelekea Kikorongo barabara imenyooka na ni tambarare, na nililiinua turubai nikawaona. Watatu mbele wanapokezana, mmoja akitoka mbele anarudi nyuma ya wenzake, na Kambale daima wa mwisho, kichwa kimeinama upande kama siku ile kibandani. Maji yaliruka kutoka magurudumu ya wenzake yakampiga usoni. Hakuyapangusa. Sidhani yalimpunguzia kitu. Ule mlio wa jerikeni ulinifikia hata mimi, juu ya mvua na injini, na nikaanza kuamini.

Karibu na daraja la Nyamugasani, Mbusa ndiye aliyekuwa mbele ya Kambale. Waya niliofunga kwenye baiskeli yake uliachia. Nilikiona kipande cha njano kikiruka barabarani na sikuwa na namna ya kumwambia mtu. Kambale akabaki bila sauti ya karibu ya kufuata. Alinyooka, akageuza kichwa huku na huku, gurudumu lake likatoka kwenye lami likaingia kwenye changarawe, akaanguka.

Niliruka kabla gari halijasimama. Alikuwa ameketi kwenye tope, goti linavuja damu, anapapasa akitafuta baiskeli.

"Beko wapi?"

"Wameendelea. Ndiyo sheria."

"Muzuri," akasema. "Muzuri, waende."

Nilibadilisha gurudumu lake la mbele lililopinda, haraka kuliko nilivyowahi kufanya maishani, na sijui kwa nini niliharakisha, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimekwisha. Afande alishuka garini. Alitazama lile goti, akatazama barabara mbele, na hakutoa amri. Nilipoinua kichwa nikaelewa kwa nini.

Wale watatu walikuwa wamesimama upande wa pili wa daraja. Wamesimama kabisa, mguu mmoja chini, kwenye mashindano ambayo saa ndiyo mshindani. Na kupitia mvua nikamsikia Baluku, yule mtulivu, akiita kama walivyoita kwenye ukungu wa Kyarumba.

"Mzigo mbele."

Kambale alipanda. Mimi nilimsukuma mpaka darajani na pale wakampokea, wakamweka mbele yao. Hakuna kocha duniani atakayewafundisha hivyo. Mtu asiyeona, mwenye goti bovu, anatangulizwa kwenye vilima vya Kisinga, na wazima watatu wanajibana nyuma yake. Lakini hao hawakuwa wamelelewa na kocha. Mzigo mzito unatangulia na wengine wanakwenda kwa mwendo wake. Hawakujua namna nyingine ya kufika.

Walikuwa macho yake mpaka Bwera. Mvua ilipopungua niliweza kuwasikia.

"Kushoto kidogo, yaya. Hapo. Kaa hapo."

"Kilima kinaanza. Punguza gia."

"Kuna mbuzi," Kule akasema.

"Wapi?"

"Ameshakimbia. Amekuona ulivyo mbaya."

Timu iliyoanza nyuma yetu ilitupita kabla ya Bwera. Walitushangaa, mmoja akapiga mluzi.

Mstari wa mwisho ulikuwa umechorwa kwa chokaa na mvua ilikuwa imeula. Watu walisimama pembeni na miavuli na majani ya migomba vichwani. Kambale aliuvuka wa kwanza kati ya wanne wetu na hakujua. Nilisubiri wenzake wamwambie asimame. Hawakumwambia. Pale barabara inaanza kuteremka kuelekea Mpondwe, na baiskeli yake ikapata mwendo yenyewe, mabega yake yakalegea, akanyanyua uso. Wale watatu wakabaki nyuma yake, kimya kabisa, hata Kule. Dereva wetu akaniuliza kupitia dirisha kama afuate. Afande akamjibu, "Fuata."

Karibu na mpaka Kambale akashika breki, mara ya kwanza kukausha, mara ya pili kusimama.

"Nasikia muto," akasema. "Tumepita?"

"Tumepita kitambo, yaya," Baluku akasema.

"Na munanyamaza juu ya nini?"

"Ulikuwa unaenda vizuri."

Alisimama pale akisikiliza mto Lhubiriha na nchi yake upande wa pili. Alilia kidogo. Mvua ilikuwapo, kwa hiyo kila mtu alipewa nafasi ya kutoona. Afande alishuka, akawatazama wanne hao wenye tope mpaka kwenye meno.

"Mmepoteza mbio," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Waya unafungwa sehemu mbili. Ya kwanza inashika, ya pili inailinda ya kwanza."

Hilo ndilo funzo pekee alilotoa siku hiyo, nami nawapa ninyi.

Baadaye nilifungua karakana yangu hapa Bwera. Kambale alikuja asubuhi moja, ameshikwa mkono na Mbusa, akauliza kama benchi langu lina upande wa pili. Nikamwambia linao, ila umejaa takataka. Akasema yeye takataka hazimsumbui, hazioni. Kila mtu Bwera anasema nilioa fundi, na padri aliyetufungisha ndoa alilazimika kuwasahihisha kwamba niliolewa.

Magurudumu mliyoshindia, wengi wenu, yamepita mikononi mwake. Mimi nilifunga spoki, yeye alizigonga kwa kucha moja moja, akinisomea kwa sauti ya chini: hii legeza, hii kaza, hii iache iko na furaha. Hatukuwahi kuwasha redio mle ndani. Mlidhani tulikuwa wakali. Alikuwa anafanya kazi.

Msimu huu wa mvua alishikwa na homa, ikashuka kifuani. Hospitali walijitahidi. Alikuwa ameomba azikwe Butembo, lakini barabara ya huko wakati huo haikupitika, na nduguze wakaniambia kwa simu nimlaze nitakapoweza. Nikamlaza Kyarumba, kwenye shamba la baba yangu, kwenye kahawa.

Siku ya kumpeleka mvua ilinyesha. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu nami nikakaa kando yake chini ya turubai. Klabu nzima mlikuja na baiskeli, nanyi mnakumbuka, lakini kuna jambo hamkulisikia. Dereva alitaka kukimbia kabla njia ya mlimani haijaharibika. Baluku, ambaye kichwa chake ni cheupe sasa, alisogea dirishani akamwambia, "Taratibu, mwanangu. Mzigo uko mbele, sisi tunakwenda kwa mwendo wake." Dereva akapunguza.

Tulipoanza kupanda nikasikia mlio nyuma yangu. Nikainua turubai. Kule, na tumbo lake la uzeeni, alikuwa anakanyaga wa kwanza nyuma ya gari, na kwenye uma wake wa nyuma kulikuwa na kipande cha jerikeni la njano. Kililia njia yote mpaka juu.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Nilifunga gurudumu, nikaligonga, nikasubiri nisomewe. Nilifanya hivyo wiki kadhaa, kisha nikamwita Mbusa nikampa ufunguo. Mikono yangu bado ni mizima, msidanganyane huko nje kwamba ni baridi yabisi.

Siku ile ya mazishi, watu walipoingia shambani, mimi nilibaki nyuma kidogo. Baiskeli ya Kule ilikuwa imeegemea mti wa kahawa. Nikainama kwa mazoea ya kazi, nikakagua. Waya ulikuwa umefungwa sehemu mbili.